Mingazi Kumi na Minne ya Mama Feza

Vijana wangu wa bilo, ofisi yetu ya kilimo, siku ya kuniaga mlinipa kaye mpya na biki mbili, daftari na kalamu, mkasema: "Papa Monita, andika kazi ulivyoifanya, na sisi tusome." Nimeanza mara tatu. Mara ya kwanza niliandika kama ripoti, nikachana. Mara ya pili nilijikuta najisifu, nikachana tena. Mimi niliishia darasa la pili la sekondari, nikaongeza miezi sita ya mafunzo ya umonita, kazi ya kupima mashamba na kufundisha wakulima. Kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, ipitieni kama mnavyopita barabara ya Kabambare: polepole, mguu mmoja chini.

Mambo ya mshahara nayaacha. Nani alipandishwa cheo na nani hakupandishwa, nayo nayaacha. Nitaandika juu ya shamba moja tu, kwa sababu kila nikijaribu kuandika juu ya mengine, biki inarudi kule kule.

Siku yangu ya kwanza nilitoka Kasongo na baiskeli, nikaisukuma zaidi ya kuipanda. Nilipofika Kabambare nilikabidhiwa kwa Baba Kisubi, monita mzee, mtu mwembamba mwenye kofia ya majani ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba. Hakuniuliza jina. Alinipa kamba.

"Hii ndiyo kazi," akasema. "Mengine yote ni maneno."

Ilikuwa kamba ya katani yenye mafundo hamsini, fundo moja kwa kila meta. Utepe wa chuma ulikuwa umepotea kabla yangu, na kila mtu alijua uko kwa nani. Baba Kisubi alikuwa na vigingi viwili nyuma ya nyumba yake, vimesimikwa meta hamsini kamili. Kila asubuhi kabla ya kutoka aliinyoosha kamba katikati yao. Kamba ya katani ikilowa umande inajikaza, inakuwa fupi, na shamba linaonekana kubwa kuliko lilivyo. Ukimpima mtu mmoja asubuhi na jirani yake saa sita, umeshaleta vita. Ninyi leo mnazunguka shamba na simu mkononi, nayo inawaambia hekta ngapi. Ni vizuri. Simu ikilowa haidanganyi, inakufa tu.

Baba Kisubi alikuwa mtu wa haki, nataka mlijue hilo kabla sijaandika yanayofuata. Hakupokea kuku kabla ya kupima. Baada ya kupima alipokea. Alinifundisha kupima kila mtu saa ile ile, na kuandika papo hapo ndani ya shamba, si kungojea kufika nyumbani. Katika kaye tulikuwa na safu nne: mahali, kilimo, ukubwa, mwenye shamba. Ya nne ndiyo iliyonishinda, na sikujua kwamba imenishinda.

Wiki ya pili alinipeleka kijiji kimoja upande wa Lusangi. Jina lake siliandiki, wenyewe watajijua. Tulipima siku nzima. Mwisho wa kijiji, ng'ambo ya kijito, kulikuwa na nyumba saba au nane za chini, na nyuma yake mpunga umesimama vizuri sana. Nikafungua kamba. Baba Kisubi hakuvuka kijito.

"Funga kamba. Hapo hakuna wakulima."

"Na ule mpunga?"

"Wale ni Watwa. Ni watu wa Mzee Ramazani. Shamba la mutu wako, ni la nani? Andika Ramazani."

Tukapima kwa macho, tukaandika Ramazani.

Ninyi mliozaliwa huku mnajua desturi, lakini niiandike kwa yule atakayetumwa kutoka mbali. Kila nyumba ya Watwa ilikuwa na bwana wake kijijini. Walimlimia, walimletea asali na nyama ya pori. Yeye aliwapa chumvi, nguo, na mahali pa kulima. Mahali hapo waliazimwa. Aliyeazimwa anapanda kinachoiva na kuisha: mpunga, karanga, mihogo. Hapandi mngazi, ule mchikichi wa mafuta. Mngazi unakaa kuliko mtu, na anayeupanda amesema mbele ya wote kwamba udongo ni wake. Hakuna karatasi ya jambo hili popote, na sijaona karatasi inayoheshimiwa kama hilo.

Tena kulikuwa na mambo ya kikombe. Mtu wa kijijini hakunywa katika kikombe cha Mutwa, na Mutwa hakukaa kwenye kiti cha mtu wa kijijini. Watu walisema, "Wale si wakulima, wale ni wa pori," na walikuwa wakisema hivyo huku wanakula mpunga wao. Mimi nilicheka pamoja nao. Nilining'iniza chupa yangu ya maji kwenye baiskeli, na nikipita ng'ambo ya kijito niliwaambia sina kiu.

Baba Kisubi alipostaafu nikabaki na kamba na kaye. Ndipo nilianza kuvuka kijito kweli, si kwa wema, ila kwa sababu ya mbegu. Mwaka ule fukusi walikula mbegu za mpunga kijiji kizima, isipokuwa za mwanamke mmoja. Huyo ndiye Mama Feza. Mume wake alikuwa amekwisha kufa, alikuwa na watoto watatu na shoka moja. Mpunga wake aliuchagua suke kwa suke kabla ya kuvuna, akafunga mafungu, akayaning'iniza juu ya moshi wa jiko. Fukusi haingii mahali pa moshi. Mimi nilikuwa nimefundishwa kutumia unga wa dawa, ambao haukufika hata mara moja.

Nilimwomba mbegu, akanipa kapu zima. Nikazigawa vijiji vitatu, nikafundisha watu moshi. Walipouliza imetoka wapi, nilijibu: "Ni mbegu ya kwa Mzee Ramazani." Sikuona kama nasema uongo. Kaye ilisema hivyo.

Mara moja aliniuliza. Nilikuwa nimemaliza kupima shamba lake, kwa kamba sasa, are ishirini na mbili, kila are meta kumi kwa kumi.

"Papa Monita, umeandika nani?"

"Nimeandika shamba."

"Shamba linaitwa nani?"

Nikajifanya nafunga kamba. Akacheka, akamwambia dada yake kwa lugha yao kitu ambacho sikusikia vizuri. Nilifurahi kutosikia.

Hivyo miaka ikapita, mvua kumi na moja.

Kisha ikaja miche ya mingazi. Shirika moja lilileta miche mizuri katika mifuko, kumi na minne kwa kila mkulima aliye kwenye orodha, yaani kiasi cha are kumi ukipanda meta tisa kwa meta tisa, kwa mstari wa pembe tatu. Orodha ilitoka katika kaye yangu, kwa hiyo hakukuwa na Mutwa hata mmoja. Siku ya kugawa, mtu mmoja hakuja. Miche yake ikabaki juani mbele ya nyumba ya shefu, mkuu wa kijiji, mizizi inatoka mifukoni. Siku ya tatu niliipakia kwenye baiskeli kwa safari mbili, nikavuka kijito.

Kwa nini nilifanya hivyo, nimejiuliza sana. Siku nyingine najiambia ni haki. Siku nyingine najua nilikuwa naona tu uchungu miche kufa. Sitaki kuandika sababu nzuri kwa sababu tu ni nzuri.

Mama Feza aliiangalia, hakuigusa.

"Unajua unachonipa?"

"Najua."

"Hapana. Unajua kupanda. Ninauliza kama unajua unachonipa."

"Najua, mama."

"Basi nipimie. Sasa, jua likiwa juu, watu waone. Usiniachie miche kama mutu aliyeiokota."

Nikafungua kamba. Tukapima meta tisa, tukachomeka vijiti, na ng'ambo ya kijito watu wakaanza kusimama, mmoja, wawili, halafu kumi. Ningependa wangepiga kelele.

Kesho yake asubuhi Mzee Ramazani alikuja kwangu. Alikuwa mtu wa swala tano, sauti ya chini, fimbo mkononi ambayo hakuiegemea. Lazima niandike pia kwamba wakati wa vita, tulipokimbilia porini, yeye ndiye aliyefungua ghala lake na kulisha watu, wa kijijini na Watwa pamoja, mpaka likabaki na ufagio tu. Watoto wangu wawili walikula mle. Nilimvutia kiti, hakukaa.

"Monita, nimekufa?"

"Hapana, Mzee."

"Basi nani amekupa ruhusa ya kugawa urithi wangu? Yule mama nimemnyima nini? Chumvi? Mume wake nilimzika kwa sanda yangu."

"Hukumnyima, Mzee."

"Kila mwaka unakuja na kamba. Kila mwaka unaandika mimi. Leo umeandika nani?"

Kumbe swali lilikuwa lile lile. Nikasema bado sijaandika. Ilikuwa kweli, na ilikuwa woga.

"Watoto wangu wamekasirika," akasema akiondoka. "Mimi ninawashika. Lakini mimi ni mutu mmoja."

Jioni kabla ya jua kuzama niliambiwa vijana wamesema mingazi ing'olewe kabla ya siku ya soko, la sivyo zile nyumba za ng'ambo zitawashwa moto. Mzee mwenyewe sikumsikia akisema hivyo, na sitamwandikia maneno ambayo sikuyasikia. Vijana niliwaona. Walikaa kando ya kijito wakinoa mapanga kwenye jiwe, polepole, mchana kutwa, na mapanga yale yalikuwa makali tangu asubuhi. Mmoja aliniita: "Monita! Njoo upime na hili, ni sentimeta ngapi!" Wakacheka. Nilicheka pia, na hilo nalo linaniuma.

Ng'ambo, Mama Feza alikuwa anapanda. Mashimo kumi na manne, moja moja, bila haraka. Ndugu zake walikuwa wamefunga mikeka na vyungu. Nilimwambia hata mimi ningefunga.

"Nikifunga," akasema, "utaandika kwamba hapakuwa na mutu."

Shefu alituita barazani siku moja kabla ya soko, na akanitumia ujumbe: njoo na kaye zako zote.

Usiku ule sikulala, na asubuhi nilijikuta nanyoosha kamba kati ya vigingi, kama vile kuna shamba la kupima. Mke wangu alisimama mlangoni. "Unapima nini?" Akaniambia: "Kama kaye inasema Ramazani, soma Ramazani, urudi ule. Una watoto." Hakusema vibaya. Kila alichosema kilikuwa kweli.

Baraza ilijaa. Watu wa kijijini walikaa kwenye viti na magogo. Watwa walikaa chini, nje ya kivuli cha paa, juani. Shefu alikuwa mtu mnene, mtulivu, mwenye tabia ya kufunga macho mtu akisema. Aliniambia nisome.

Nikasoma. "Shamba la kijitoni, mpunga, are ishirini na mbili. Mwenye shamba: Ramazani." Nikafungua kaye ya mwaka uliofuata. "Shamba la kijitoni, mpunga na karanga. Mwenye shamba: Ramazani." Mara ya nne vijana walianza kuitikia pamoja nami: "Ra-ma-za-ni!" na kupiga makofi. Mara ya kumi na moja baraza nzima ilikuwa inaitikia. Mama Feza aliniangalia tu, kama mtu anayengojea mvua ipite.

Shefu akafungua macho. "Monita, huo ni mkono wako?"

"Ni mkono wangu, shefu."

"Ni kweli ulichoandika?"

Babu wa babu yangu alifika Nyangwe akiwa mali ya mtu. Nyumbani hatulisemi, tunasema tu sisi ni wa Kasongo. Alilima maisha yake yote, na hakuna shamba linaloitwa kwa jina lake. Sijui kwa nini nilimkumbuka pale, wakati nilipaswa kukumbuka watoto wangu.

"Mkono ni wangu," nikasema, "lakini si kweli. Sikumkuta Mzee katika shamba hili hata siku moja. Nilimkuta huyu mama. Na ile mbegu ya mpunga mnayopanda wote, ni yake. Mimi ndiye niliyebadilisha jina."

Kelele iliyotoka pale sijaisikia tena. Vijana walisimama. Mtu akanivuta shati nyuma. Lakini sauti iliyonichoma ilikuwa ya mkulima mmoja mzee ambaye nilimpima miaka yote na kumwona rafiki: "Basi na mimi ulinidanganya? Na mpaka wangu na jirani, nao ni uongo?"

Shefu alinyoosha mkono mpaka wakanyamaza. "Kaye inayodanganya kwa mmoja, sitaisoma kwa yeyote. Monita, funga kaye zako."

Nikazifunga. Kazi ya miaka kumi na moja. Mwaka uliofuata nilipima kijiji kizima upya, na kulikuwa na ugomvi wa mipaka mitano ambao mimi ndiye niliyeuzaa. Hilo pia liko upande wangu wa deni.

"Tuulize kama walivyouliza wazee wetu," shefu akasema. "Shoka la kwanza ni la nani?"

Mama Feza akasimama pale pale juani. Hakupaza sauti. Alianza na mti mkubwa karibu na maji, ambao ulianguka vibaya ukavunja mguu wa kaka yake. Kisha ule wenye nyuki, walioungoja mpaka asali iishe ndipo wakaukata. Kisha ule ambao shoka lilipasuka mpini, na mume wake akaenda kuazima shoka kwa Mzee Ramazani. Alitaja miti kumi na sita, na mahali kisiki cha kila mmoja kilipo. "Mwende muangalie," akasema. "Visiki havijatembea."

Shefu akamgeukia Mzee. "Unaweza kuapa kwamba wewe ndiye uliyekata?"

Mwanawe mmoja akasema kwa nguvu, "Aape! Baba, apa!"

Nilisikia fimbo ya Mzee Ramazani inakwaruza chini. Angeweza kuapa. Nani angebisha? Watwa?

"Shoka nilimwazima," akasema. "Mti sikukata. Siwezi kumbeba Mungu kwenye uongo kwa ajili ya mpunga. Lakini udongo ni wa babu yangu, na nani atanionyesha kwamba si wake?"

Hakuna aliyemwonyesha, kwa sababu lilikuwa kweli pia.

Shefu akahukumu: mingazi ibaki, ni ya Mama Feza na watoto wake. Kila mwaka kichane cha kwanza cha ngazi, matunda ya mingazi ile, aende nacho kwa Mzee, ajue udongo unamkumbuka. Na atakayegusa moto ng'ambo ya kijito, yeye shefu mwenyewe atampeleka Kabambare kufungwa, tena kwa miguu.

Siku ya soko ilipita bila moshi. Baada ya wiki nilikuta mingazi mitatu imekatwa. Sikuona aliyekata, simtaji mtu. Mama Feza alikuwa anapalilia ile kumi na mmoja iliyobaki. Akanipa maji katika kikombe cha bati.

"Leo uko na kiu?"

"Niko na kiu, mama."

"Miaka yote hii sikujua kama unasikiaga kiu," akasema. Nilikunywa yote. Dada yake alicheka mpaka akakaa chini.

Msifikiri habari iliishia vizuri. Kijiji cha pili, wenye udongo watatu walisikia habari ya baraza, wakawaondoa Watwa wao kabla monita hajafika na miche. Nyumba sita zilienda, sijui wapi. Nisingepeleka ile miche, labda wangekuwa pale, wanalima mpunga chini ya jina la mtu mwingine, lakini wanakula. Nimeipima hiyo mara nyingi, na kila siku kamba inanipa hesabu nyingine.

Mwaka wa nne mingazi ikazaa. Mama Feza alibeba kichane cha kwanza kichwani mpaka kwa Mzee Ramazani, nami nilikuwepo. Mzee alikuwa haoni vizuri tena. Alikipapasa kile kichane, akasema ngazi ni nono. Kisha akamwambia mkewe alete kiti. Mama Feza aliangalia kile kiti kwa muda. Akakaa, kwenye ukingo tu.

"Monita," Mzee akasema, "sasa unaandikaje?"

Nikamwonyesha, yaani nikamsomea. Nilikuwa nimechora mstari kwa rula katikati ya safu ya nne. Upande mmoja: mwenye udongo, Ramazani. Upande wa pili: mwenye shoka, Mama Feza.

"Soma tena," akasema Mama Feza.

Nikasoma tena. Akataka mara ya tatu, na Mzee akaguna, "Basi, mama, hata mimi nimesikia." Hapo ndipo wote wawili walicheka kidogo.

Bilo ya Kasongo walinirudishia ile kaye na maneno mekundu: fishi, ile karatasi yao ya kujaza, haina safu ya tano. Nikachora tena mwaka uliofuata, wakarudisha tena. Mwisho walichoka. Hawakukubali, walichoka tu, na mimi nikahesabu ni sawa.

Kamba nimeiacha kwenye msumari nyuma ya mlango wa bilo. Kama hamuitaki, msiitupe, fungieni mbuzi. Lakini ule mstari katika simu zenu sijauona. Nimeambiwa kuna mahali pa jina moja tu. Kama hakuna namna na jina moja lazima lifutwe, basi nendeni mkalifute kule, ng'ambo ya kijito, jua likiwa juu. Mama Feza bado yupo, anatembea na fimbo sasa. Simameni mbele yake, na msome kwa sauti mnachokiandika.